Theluthi ya Kicheko

Nyumba ya Eksi ilikuwa haifungwi. Si kwamba haikuwa na mlango. Mlango ulikuwepo, wa mbao nzito, na komeo lake, lakini utafungaje mlango wa nyumba ambayo mtu akiingia kuomba chumvi hutoka na habari za mitaa mitatu? Barazani palikuwa na mkeka, birika la kahawa lisilopoa, na watu watano waliokuja kila mmoja kwa sababu yake wakasahau kuondoka. Bi Kirembo alikuja kukohoa kidogo, vumbi lipite. Pandu alikuja kucheza karata mkono mmoja tu. Mapacha wawili wauza bagia walikuja kuomba kaa la kuwashia jiko. Zuwena yeye hakuja na sababu. Alikuja na habari, habari haikuisha, ikambidi abaki mpaka aimalize.

Hao watano, pamoja na Eksi mwenyewe, ambaye alikuwa watatu.

Ndiyo, watatu, na hilo katika mji ule halikumshangaza mtu. Mmoja alikuwa jikoni, mikono ina unga. Mmoja alikuwa barazani, anacheka kabla kichekesho hakijafika. Wa tatu alikuwa chumba cha ndani, amelala chali, macho yako darini. Nguo mbalimbali, nywele mbalimbali, lakini ukimfinya mmoja waliguna wote. Hata umri walipeana. Leo wa jikoni alikuwa ajuza na wa barazani kigoli, kesho yake uzee umehamia barazani na wa jikoni anaruka kamba. Walikuwa na thamani moja, sawasawa bila kuzidiana hata punje, na hakuna kati yao aliyejua thamani hiyo ni kiasi gani.

Na hapo ndipo palipokuwa na tatizo. Katika mji ule watu hawakuulizana hali. Waliulizana, "Wewe ni ngapi?" Mtu alijibu nane, au kumi na mbili, au hasi tatu kwa sauti ya chini, wakapeana mikono wakaendelea na safari. Eksi alipoulizwa alijibu, "Mimi ni mimi." Walicheka, naye alicheka nao. Kisha wa chumba cha ndani aligeukia ukutani.

Mbingu ya mji ilikuwa nyeusi hata adhuhuri, nyeusi ya ubao, na badala ya mvua lilinyesha vumbi jeupe la chaki lililokaa kwenye kope na kwenye kahawa. Katikati ya mji ilipita Mistari Miwili, mirefu, sambamba, haina mwanzo. Huku upande mmoja, kule upande wa pili. Na sheria ilikuwa moja tu, wala haikuandikwa mahali, kwa kuwa kila mtu alizaliwa nayo mwilini: linalofanyika huku, lifanyike na kule. Huku wakichinja kuku wa harusi, kule alichinjwa kuku asiye na harusi wala kosa. Mtoto akipigwa huku, kule mtoto aliyekuwa amekaa zake alishika shavu na kulia, na mama yake hakuuliza kwa nini. Watu waliishi hivyo. Waliita hivyo amani.

Tena palikuwa na Dasta.

Dasta ilikuja kila ubao ulipojaa. Haikuwa na mwenyewe, au kama alikuwepo hakuna aliyemwona zaidi ya kiganja. Kitambaa kikubwa kilicholowa, kinaanzia juu kabisa ya mbingu, kinashuka mstari baada ya mstari, na kilipopita palibaki weusi unaong'aa. Dasta ilifuta herufi, ilifuta hatua, ilifuta kila kilichokuwa bado kinatafutwa. Kitu kimoja tu haikukigusa: jibu lililopigiwa mistari miwili chini yake.

Basi siku moja maji yalianza kuonekana juu, utando tu kwenye ukingo wa mbingu, na Bwana Shekue akaja.

Bwana Shekue ndiye aliyekuwa mkokotoaji wa mji. Mtu mwembamba, kanzu safi, chaki nyuma ya sikio. Alibisha hodi kwenye mlango uliokuwa wazi.

"Hodi humu."

"Karibu, Bwana Shekue!" alisema Eksi wa barazani. "Vua viatu, kaa. Kahawa?"

"Sikuja kukaa, Bi Eksi."

"Mtu hakai akanywa kahawa? Ukinywa umesimama utaimwagia kanzu."

Pandu alificha karata mbili chini ya goti. Zuwena alisogea apate kusikia vizuri, ingawa alikuwa tayari amekaribia kiasi cha kunusa chaki.

"Dasta imeonekana," alisema Bwana Shekue. "Nyumba hii ndiyo pekee ambayo haijakokotolewa. Ikikukuta hivi hivi, Bi Eksi, utakwenda na maji. Hata jina la kukutaja baadaye halitakuwepo."

"Na nikikokotolewa?"

"Utajulikana. Utabaki."

Mapacha wa bagia walishikana mikono. Kutoka chumba cha ndani ilikuja sauti ambayo wengi wao hawakuwahi kuisikia, sauti kavu ya mtu asiyezungumza.

"Nataka kujua."

"Nyamaza wewe," alisema Eksi wa barazani.

"Nataka kujua mimi ni ngapi. Nimechoka kulala na herufi."

Eksi wa jikoni alijifuta unga. Alikuwa ameshasikia, kwa kuwa ndiye aliyeongea.

Bwana Shekue alitoa chaki sikioni akaandika juu ya paa, mbinguni, nyumba nzima kama ilivyokuwa asubuhi ile:

3x + 5 = 20

Hivyo tu. Kikohozi cha Bi Kirembo, bagia, karata, habari zisizoisha, vyote vimo ndani ya ile tano. Eksi mara tatu. Na ng'ambo ya Mistari Miwili, ishirini: watu weupe wa chaki wasio na nyuso, wamekaa safu wakiielekea nyumba yake. Siku zote walikuwa pale. Hakuwahi kuwahesabu.

"Sasa sikiliza," alisema Bwana Shekue, na alikuwa na huruma, hilo mtu asimnyime. "Kisichojulikana hakijulikani kikiwa na watu. Lazima kiachwe peke yake upande mmoja. Kila kilicho karibu nacho kinaondoka."

"Kinaondoka kwenda wapi?"

"Kinavuka."

Zuwena aliguna. "Tunafukuzwa, jamani. Kwa adabu, ila tunafukuzwa."

Kuvuka Mistari Miwili si jambo dogo. Anayevuka hubadilika alama. Aliyekuwa chanya huku anafika kule hasi, sura ileile imegeuzwa nje ndani, na akifika humshika mkono mmoja wa wale weupe, na wote wawili huzimika. Si kifo. Kifo kina kilio na wali. Hili lilikuwa halina chochote.

Bi Kirembo alitangulia. Aliaga akikohoa, na mguu wake ulipokanyaga ng'ambo kikohozi kilikatika, ukawa ukimya mkubwa uliomzidi mwili. Akashika mkono mweupe. Pakawa giza mahali pao. Mapacha wakafuata, wameshikana bado. Pandu alizitoa karata chini ya goti akamwekea Eksi kiganjani. "Nilikuwa nakuibia," alisema. "Najua," alisema Eksi. "Nilikuwa nakuachia." Akavuka naye.

Alibaki Zuwena.

Sasa tazama alilofanya Eksi, kwa kuwa ni kosa la mtu mwenye mapenzi na nyumba yake. Bwana Shekue alikuwa amegeuka kufuta mikono. Eksi wa jikoni alimvuta Zuwena, akamsukuma stoo, nyuma ya magunia ya unga, akafunga. Mmoja tu, alijisemea. Mmoja ana uzito gani? Nibaki na mmoja wa kuniambia ya mjini. Na bila mtu kutaka, mbinguni paliandikika penyewe: 3x + 1 = 16.

Bwana Shekue, mtu wa haraka, aliangalia baraza, akaona tupu, akaona Eksi watatu, hakuinua macho. Alichora mstari mrefu chini ya nyumba, mstari wa kugawa, na chini yake akaandika 3. Eksi watatu sasa wawe mmoja.

Mstari ulipokaza, nyumba ilitoa mlio.

Kugawa hakuchagui. Kunapita jikoni, kunapita barazani, kunafungua stoo. Eksi walianza kusogeleana, bila maumivu yoyote, ndipo kilipotoka nyuma ya magunia kicheko cha Zuwena. Lakini kilikuwa mwanzo tu wa kicheko, ile pumzi inayoingia na "ha" ya kwanza, kisha basi.

"Zuwena?"

"Shoga," ilisema sauti ya stoo. "Nimesikia yule mwenye Kumi—"

Ikakatika.

"Yule mwenye Kumi amefanyaje?"

"Shoga, nimesikia yule mwenye Kumi—"

Eksi alifungua. Zuwena alikuwa amekaa kwenye unga, na alikuwa theluthi. Si kwamba amekatwa, hapakuwa na damu. Kila kitu chake kilikuwa kimeanza bila kuisha: mkono unaoanza kuinuka, tabasamu linaloanza upande mmoja, jicho linaloanza kumtambua mtu. Na ng'ambo, wa kumi na sita kati ya weupe, aliyekosa kundi la kukaa, naye alikuwa anapasuka vilevile, bila mdomo wa kulilia.

"Rudisha!" alipiga kelele Eksi, wote watatu. "Futa huo mstari! Bwana Shekue, nakuomba kwa mikono miwili, rudisha!"

Bwana Shekue aliona, akageuka rangi. "Ulimficha mtu," alisema. "Bi Eksi, ulimficha mtu ndani ya hesabu." Akaufuta mstari kwa kiganja, akazidisha mara tatu, na Zuwena akarudi mzima, anapumua, amejaa unga hadi kwenye nyusi.

Alijitazama mikono, akajishika mashavu. Kisha akasimama, akajikung'uta.

"Usiende," alisema Eksi.

"Shoga yangu, umeniona. Bora niondoke mzima kuliko nibaki theluthi."

"Basi nimalizie habari kwanza. Yule mwenye Kumi."

"Nikimaliza sitaondoka. Unanijua." Akambusu Eksi kila mmoja, jikoni, barazani, chumba cha ndani, mabusu matatu ya unga. Akafika Mistari Miwili, akainua gauni, akavuka. Ng'ambo msemaji akawa mnyamavu, mnyamavu mwenzake akampokea, na pakawa giza.

3x = 15.

Mstari wa kugawa ulipochorwa mara ya pili haukulia. Weupe kumi na tano walijipanga makundi matatu, watano watano. Eksi watatu walikunjana, ajuza juu ya kigoli juu ya mwanamke wa makamo, mpaka akabaki mmoja aliyesimama katikati ya sebule mikono ikining'inia, haijui iende jikoni au iende wapi.

x = 5

Bwana Shekue akapiga mistari miwili chini yake, imenyooka, mizuri. "Hongera, Bi Tano."

Majirani walipokea kutoka baraza zao. Hongera! Hongera, Bi Tano! Wengine walipiga vigelegele. Hakuna aliyekuja. Alingoja. Alitandika upya mkeka, akapuliza makaa. Hakuna aliyekuja, na ilimchukua muda kuelewa kwamba hawakuwa na chuki wala haraka. Aliyejulikana hatembelewi. Utamwuliza nini? Walipita, wakainua mkono, wakasema "Tano," na ilikuwa kweli, wakaenda.

Kahawa ilipoa. Katika nyumba ile kahawa haikuwahi kupoa, hakujua hata ladha yake ikipoa inakuwaje. Alikunywa akaijua.

Niko peke yangu upande mmoja. Ndivyo alivyosema Bwana Shekue nitakuwa. Peke yangu, alama ya sawasawa, kisha wao. Mimi ni wao. Wao ni kina nani?

Alitazama ng'ambo. Watano weupe walikuwa wamekaa wakimwelekea, hawana nyuso. Aliinua kikombe, wakainua vikombe. Alikohoa kidogo, kwa mzaha, kwa upweke, na mmoja wao akakohoa kidogo akashika kifua. Eksi aliweka kikombe chini taratibu. Alichanganya karata za Pandu, na mmoja akaficha kitu chini ya goti. Wawili walikuwa wameshikana mikono. Wa tano, mwishoni, alikuwa amesogea mbele kuliko wenzake, shingo imenyooka, anataka kusikia.

Watano.

Alikuwa ametolewa watano nyumbani mwake ili aambiwe kwamba yeye ni watano.

Hakulia. Alitoka nje, akamkuta Bwana Shekue ananawa chaki kwenye mfereji.

"Umejuaje?" aliuliza Eksi.

"Nimejuaje nini, Bi Tano?"

"Kwamba ni tano."

"Kwa sababu hakuna kilichobaki."

"Mimi nikipika wali nikala wote, hakuna kilichobaki. Utajuaje kama ulikuwa na chumvi?"

Bwana Shekue aliacha kunawa. "Iko njia," alisema polepole, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayekumbuka chumba alichokaa utotoni. "Jibu linarudishwa juu, kwenye mstari wa kwanza. Unaliweka mahali pa herufi, unaona kama pande mbili zinakubaliana. Inaitwa kuhakiki. Tulifundishwa. Lakini hapa hakuna anayehakiki, mama. Dasta iko juu. Ukishapata mistari yako miwili, unakaa hapohapo."

"Wewe ni ngapi, Bwana Shekue?"

"Saba."

"Nani alihakiki?"

Bwana Shekue alitazama mikono yake iliyolowa, akaipangusia kwenye kanzu, mtu ambaye hakuwahi kuichafua kanzu.

"Mstari wa kwanza bado upo?" aliuliza Eksi.

Wakainua macho. Ulikuwepo. Juu kabisa, chini kidogo tu ya ukingo unaong'aa maji: 3x + 5 = 20. Na ukikaza macho, asubuhi ile ilikuwa bado inaendelea mle, kwa kuwa kilichoandikwa hakiendi popote mpaka kifutwe. Moshi wa bagia ulikuwa unapanda. Mtu alikuwa anakohoa.

"Ukipanda," alisema Bwana Shekue, "hakutakuwa na wakati wa kushuka. Ukikaa hapa chini, utabaki. Milele, Bi Tano. Watoto wa watoto watakunakili madaftarini."

"Wataninakili nikiwa na nani?"

Aliingia ndani, akachukua birika, akalirudisha motoni mpaka likapiga mluzi. Alichukua karata. Kisha akaanza kupanda, hatua kwa hatua, njia ileile aliyoshukia: akaupita mstari wa kugawa, akakunjuka akawa watatu, akaipita 3x = 15 yenye baraza tupu, akapita stoo na unga uliomwagika. Watatu walipanda pamoja, birika mkononi mwa mmoja. Walikuwa watatu vilevile, lakini sasa kila mmoja alijijua. Tano, na tano, na tano.

"Haya, umepotelea wapi na hilo birika?" alisema Pandu, bila kuinua macho kutoka kwenye karata.

Nyumba ilikuwa imejaa. Eksi wa jikoni alikwenda jikoni, na wa barazani akakaa mkekani. Wa chumba cha ndani alisita mlangoni. Kisha naye akaja barazani, kwa mara ya kwanza tangu nyumba ijengwe, na Bi Kirembo akamsogezea nafasi bila kuuliza yeye ni nani.

Kumi na tano, na watano. Ng'ambo, ishirini walitikisa vichwa, wote pamoja. Pande mbili zilikubaliana. Jibu lilikuwa kweli.

Chini kabisa, mbali, Bwana Shekue alikuwa amesimama kando ya mistari miwili iliyonyooka, mizuri, ambayo juu yake hapakuwa na kitu. Alikuwa ameinua uso. Alikuwa mdogo mno kuonekana kama anawapungia au anajikinga na vumbi.

"Zuwena," alisema Eksi. "Yule mwenye Kumi."

"Yule mwenye Kumi!" Zuwena alisogea mpaka magoti yakagusana. "Shoga, nimesikia yule mwenye Kumi, yule anayejidai mzima, anayetembea kama barabara ni ya babake, juzi upepo umempiga sokoni, kanzu imepanda, kumbe ni tano mbili! Tano mbili, jamani, zimevaa kanzu moja, moja imepanda mabega ya mwenzake!"

Kikaja kicheko. Kilianza na ile pumzi na "ha" ya kwanza, kikapanda, kikajaa, kikamshika Bi Kirembo hadi kikohozi, kikawaangusha mapacha mmoja juu ya mwingine, kikafika mwisho wake kabisa, pale mtu anapopangusa macho na kusema ai, ai, mbavu zangu.

Tone la maji lilianguka mkekani. Kisha la pili.

"Nani huyo anatulowesha?" aliuliza Pandu.

"Anayepita," alisema Eksi, akamimina kahawa, moto, vikombe vyote. "Sogeeni ndani kidogo. Zuwena, kisha ikawaje?"